Seva ya Ujumbe Ofisini: Nani Ashike Mazungumzo ya Kazi

Seva ya ujumbe wa papo kwa papo ina kazi nne. Humtambua anayeingia na kuamua anaruhusiwa kufika chumba gani. Hupokea ujumbe wake na kuufikisha kwa wahusika. Huutunza ili usomwe kesho na mwakani. Na huiamsha simu ya mtu ambaye hakuwa ameifungua programu wakati ujumbe unaingia. Kinachoonekana kwenye kioo cha simu ni sehemu ndogo ya mfumo. Yaliyobaki, yaani nani alisema nini, lini, kwa nani, na nani ana uwezo wa kuyafuta, yote hukaa kwenye seva. Kwa hiyo ofisi inayochagua seva inachagua mtunza kumbukumbu zake kwanza. Rangi, vitufe na emoji vinafuata baadaye.

Katika ofisi nyingi za Afrika Mashariki uamuzi huo haukufanywa na mtu yeyote. Ulijitokea. Mhasibu alifungua grupu la WhatsApp kwa ajili ya kikao kimoja, kikao kikaisha, grupu likabaki, likazaa la idara, la mradi na la madereva. WhatsApp ni nzuri kwa kazi iliyotengenezewa: kila mtu anayo, haimalizi bando, na tangu 2016 ujumbe wake umelindwa kwa usimbaji fiche wa mwanzo hadi mwisho. Kasoro zake ofisini ni za kiutawala. Akaunti imefungwa kwenye namba ya simu ya mtu, haikufungwa kwenye cheo chake, hivyo anayeacha kazi huondoka na mazungumzo, picha za risiti na nakala za mikataba mfukoni. Anayeingia kwenye grupu leo kwa kawaida haoni yaliyozungumzwa jana. Namba za wote ziko wazi kwa wote, wakiwemo wale ambao wasingependa kupigiwa simu saa tano usiku na mtu wa idara nyingine. Tena hakuna anayeweza kufanya lolote mfumo ukizima: tarehe 4 Oktoba 2021 hitilafu katika mipangilio ya mtandao wa Facebook iliizima WhatsApp duniani kote kwa takriban saa sita, na ofisi zilizokuwa zimeweka mawasiliano yao yote humo zilikaa kimya siku hiyo.

Teknolojia yenyewe ni kongwe kuliko simu janja. Mwaka 1988 Jarkko Oikarinen, wa Chuo Kikuu cha Oulu nchini Finland, aliandika IRC, mfumo ambao seva zake hufikisha maandishi kwa waliomo ndani ya chaneli wakati huo huo, kisha huyasahau. Aliyekatikiwa mtandao dakika kumi amekosa dakika kumi. Mafundi wa programu huria wameishi nao kwa zaidi ya miaka thelathini, na wapo wanaoupenda hadi leo kwa sababu hauhitaji mashine ya maana. Lakini ofisi inayotaka kujua bosi aliagiza nini juzi haiwezi kuutegemea. Miaka ya 1990 ilileta huduma zilizojifungia zenyewe, kama ICQ ya mwaka 1996 na AIM ya kampuni ya AOL mwaka uliofuata. Wa huku hakuweza kumwandikia wa kule. Januari 1999 Mmarekani Jeremie Miller alitangaza Jabber kuwa jibu la hali hiyo: itifaki ya wazi ambamo kila taasisi inakuwa na seva yake na anwani zake, na seva hizo zinaandikiana kama zinavyofanya seva za barua pepe. Mwaka 2004 taasisi ya viwango vya intaneti, IETF, iliichapisha itifaki hiyo kwa jina la XMPP. AIM ilizimwa Desemba 2017, na ICQ Juni 2024. XMPP ingali hai.

Slack, iliyozinduliwa rasmi Februari 2014, ndiyo iliyobadilisha matarajio ya watu wa ofisini. Ilianza kama chombo cha ndani cha kampuni iliyokuwa ikitengeneza mchezo wa kompyuta uitwao Glitch. Mchezo ukafa, chombo kikabaki, na mwaka 2021 Salesforce ilikamilisha kuinunua Slack kwa takriban dola bilioni 27.7. Kutuma ujumbe hakukuwa kitu kipya. Kipya kilikuwa kuutafuta: neno lolote lililowahi kuandikwa kwenye chaneli ya wazi hupatikana kwa sekunde, hata na aliyeajiriwa wiki hii. Mifumo yote ya kazini iliyokuja baadaye ama imeiga hilo au imelazimika kulijibu.

Miaka hiyo hiyo ilionyesha pia udhaifu wa kutunziwa kumbukumbu na mtu mwingine. Julai 2018 kampuni ya Atlassian ilitangaza kwamba inaifunga HipChat, huduma iliyokuwa mshindani wa Slack, na Februari 2019 ikaizima. Walioumia hawakuwa waliokodi nafasi kwenye wingu peke yao. Hata wateja waliokuwa wameiweka HipChat kwenye mashine zao wenyewe waliachwa na programu isiyo na mwenye kuirekebisha, kwa sababu msimbo wake ulikuwa umefungwa. Kuwa na mashine ni jambo moja. Kuwa na haki ya kuendelea kuitumia na kuitengeneza programu iliyomo ni jambo lingine. Slack nayo, Mei 2018, ilifunga milango iliyokuwa ikiwaruhusu watumiaji wa IRC na XMPP kuingia kwa programu zao, na Septemba 2022 ikabadili masharti ya huduma yake ya bure: badala ya ujumbe 10,000 wa mwisho, mtumiaji akawa anaona wa siku 90 tu. Asasi ndogo iliyokuwa ikiandika ujumbe 200 kwa mwezi ilikuwa na miaka minne ya kumbukumbu mbele ya macho yake. Ikabaki na miezi mitatu. Hakuna sheria iliyovunjwa. Mwenye huduma ana haki ya kupanga bei. Ila aliyetegemea ukarimu wake hakuwa na la kusema.

Swali la kwanza basi ni la kukodi au kumiliki, na halina jibu moja. Anayekodi huduma iliyo tayari hulipa kwa kila mtumiaji kwa mwezi, na kwa malipo hayo hupata watu wanaokesha na mashine, wanaozisasisha na kuzilinda. Kwa ofisi ya watu kumi na wawili gharama hiyo mara nyingi ni ndogo kuliko mshahara wa fundi. Watu wakifika mia tatu hesabu inageuka, hasa pale bili inapokuja kwa dola huku mapato yakiwa kwa shilingi. Anayemiliki hukodi mashine pepe au hununua kompyuta, huweka programu huria, na idadi ya watumiaji haimwongezei ada. Anachonunua kwa jasho lake ni uhuru wa kuamua: ujumbe utunzwe muda gani, nani afutiwe akaunti, nakala zikae wapi.

Sheria nazo zimeingia katika hesabu hii. Mazungumzo ya kazini yamejaa majina, namba za vitambulisho, hali za afya na mishahara, na hizo zote ni taarifa binafsi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inayosimamiwa na Kamishna wa Ulinzi wa Data. Uganda ilipitisha ya kwake mwaka huo huo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023 chini ya tume yake. Rwanda, katika sheria yake ya Oktoba 2021, ilikwenda mbali zaidi kwa kutaka taarifa binafsi zitunzwe ndani ya nchi isipokuwa kwa aliyepewa kibali cha kuzitunza nje. Sheria hizi hazipigi marufuku wingu la ng'ambo. Huweka masharti ya kusafirisha taarifa nje na humtaka mwenye taasisi ajue zimekaa wapi. Meneja asiyeweza kutaja nchi ambamo ujumbe wa wafanyakazi wake umehifadhiwa ameshachelewa.

Umbali una athari nyingine isiyo ya kisheria. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizoathirika sana. Seva iliyoko Ulaya ilikuwa mbali kuliko kawaida siku hizo. Seva iliyoko Dar es Salaam au Nairobi, kwenye kituo kilichounganishwa na sehemu za kubadilishana trafiki za ndani, yaani TIX kwa Dar es Salaam na KIXP kwa Nairobi, hufikiwa na wateja wa watoa huduma waliounganishwa hapo bila ujumbe kuvuka bahari. Na seva iliyo ndani ya jengo lenyewe huendelea kuhudumia waliomo jengoni hata kama waya wa nje umekatika kabisa. Hospitali, kiwanda au bandari vina sababu nzuri ya kulifikiria hilo. Upande wa pili wa shilingi ni kwamba jengo lenyewe lina umeme unaokatika, joto, vumbi, na mfagizi anayechomoa waya ili achaji simu.

Baada ya hapo ndipo majina ya programu yanapokuwa na maana. Familia ya kwanza ni ya XMPP. Ejabberd, iliyoandikwa kwa lugha ya Erlang tangu 2002, ni ya wale wanaotarajia watumiaji wengi mno. WhatsApp yenyewe ilianza juu ya ejabberd kabla ya kuibadilisha kwa kiasi kikubwa, na mwanzoni mwa 2012 ilitangaza kwamba seva yake moja imebeba miunganisho milioni mbili kwa wakati mmoja. Prosody ni ndogo na nyepesi. Kwa ofisi ya kawaida hutosheka na makumi ya megabaiti za RAM, na hukaa vizuri kwenye kompyuta kuukuu ambayo mhasibu ameshaifuta vitabuni. Openfire, iliyoandikwa kwa Java, hupendwa na mafundi wa ofisi za Windows kwa sababu huendeshwa kwa kurasa za kubofya na huungana kirahisi na orodha ya wafanyakazi ya Active Directory.

Nguvu ya XMPP ni uvumilivu wake kwenye mtandao dhaifu na uhuru wa kuchagua programu ya mkononi. Udhaifu wake unatoka kwenye uhuru huo huo. Itifaki ya msingi ni fupi, na karibu kila kitu ambacho mtu wa leo anakitegemea kimo kwenye nyongeza, ambazo namba zake zimeshapita 400. Namba 198 huruhusu simu iliyopoteza mtandao kuendelea ilipoishia bila kupoteza ujumbe. Namba 280 hunakili ujumbe kwenye vifaa vyote vya mtu mmoja. Namba 313 hutunza kumbukumbu kwenye seva. Seva ikiwa nazo na programu ya simu ikakosa moja, mtumiaji atalalamika kwamba ujumbe unapotea, naye atakuwa sahihi. Anayechagua njia hii hana budi kuchagua seva na programu za simu kwa pamoja, azipime kwa pamoja, na awakataze wafanyakazi kuokota nyingine.

Familia ya pili ni ya zile zilizozaliwa baada ya Slack. Mattermost ilifunguliwa msimbo mwaka 2015. Watengenezaji wake, kwa sadfa ya kuchekesha kidogo, nao walikuwa kampuni ya michezo ya kompyuta. Imeandikwa kwa lugha ya Go, hutumia hifadhidata ya PostgreSQL, na kwa aliyezoea Slack haihitaji mafunzo. Rocket.Chat, iliyoanzia Brazil mwaka 2015, hutegemea MongoDB, na sifa yake ya pekee ni kuwaingiza wateja wa nje kwenye mfumo ule ule: ujumbe wa mteja aliyeandika kwenye tovuti ya kampuni unaweza kumfikia mhudumu ndani ya chumba cha kazi. Kwa dawati la huduma kwa wateja hilo ni jambo kubwa. Kwa ofisi isiyo na dawati hilo ni uzito wa bure.

Zulip inastahili maelezo marefu kwa sababu imefikiri tofauti. Ilianzishwa mwaka 2012 huko Cambridge, Massachusetts, ikanunuliwa na Dropbox mwaka 2014, na mwaka uliofuata msimbo wake ukafunguliwa kwa umma. Kila ujumbe ndani ya chaneli huwekwa chini ya mada, na mada hiyo kwa kawaida ina jina lililoandikwa na watu wenyewe: «mafuta ya jenereta», «ripoti ya robo ya pili», «msiba kwa akina Mariam». Grupu la kawaida la ofisi ni daladala ya saa kumi na mbili jioni. Kila abiria ana hadithi yake na zote zinasemwa kwa pamoja. Aliyekuwa safarini siku mbili akirudi hukuta ujumbe mia nne, husoma kumi na kuuliza swali lililokwisha kujibiwa. Kwenye Zulip hukuta mada kumi na tano, hufungua tatu zinazomhusu, na zilizobaki huziweka alama ya kusomwa. Kwa timu ambazo watu wake hawako kazini saa zilezile, mmoja Kigoma shambani na mwingine Nairobi ofisini, hakuna mpangilio mwingine unaofanana na huo kwa manufaa. Gharama yake ni nidhamu. Wiki ya kwanza watu hununa, kwa sababu kutaja mada kabla ya kuandika «Sawa bosi» kunaonekana usumbufu. Lazima awepo mtu mmoja, si lazima awe fundi, wa kuhamisha ujumbe uliopotea njia na kurekebisha majina ya mada hadi mazoea yajengeke.

Familia ya tatu ni ya Matrix, iliyotangazwa mwaka 2014 na Matthew Hodgson na Amandine Le Pape. Lengo lake ni lile la Jabber, yaani seva nyingi huru zinazozungumza, lakini kwa njia nyingine: chumba hakikai kwenye seva moja. Kila seva yenye mtu ndani ya chumba hutunza nakala ya historia yake, na seva hizo hulinganisha nakala zao zenyewe kwa zenyewe. Seva moja ikizima, chumba kinaendelea kwa wengine. Serikali ya Ufaransa ilizindua mwaka 2019 Tchap, mfumo wa ujumbe wa watumishi wake uliojengwa juu ya Matrix, na jeshi la Ujerumani lina mfumo wake juu ya msingi huo huo. Tchap ilipata pia aibu ya mapema: mara tu ilipozinduliwa, mtafiti wa usalama aligundua njia ya kujisajili bila kuwa na barua pepe ya serikali. Itifaki haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye namna ya kuhakiki anwani, na lilizibwa haraka.

Bei ya uhuru wa Matrix hulipwa kwa RAM na diski. Synapse, seva yake inayotumika zaidi, hujisikia vizuri ndani ya vyumba vya ofisi, lakini mfanyakazi mmoja akijiunga na chumba kikubwa cha dunia chenye maelfu ya watu kwenye mamia ya seva, mashine ndogo huanza kupumua kwa shida na hifadhidata huvimba. Ofisi isiyo na haja ya kuzungumza na seva za nje inaweza kuuzima muunganisho huo, lakini ikifanya hivyo imeacha sababu kuu ya kuichagua Matrix. Panapofaa ni kwenye muungano wa taasisi: hospitali kadhaa, vyuo vikuu, mashirika yaliyo kwenye mradi mmoja, ambayo yote yanataka kuzungumza na hakuna linalokubali kumbukumbu zake zitunzwe na jirani.

Usiri una ngazi mbili ambazo wauzaji hupenda kuzichanganya. Ya kwanza ni kulinda ujumbe ukiwa njiani kati ya simu na seva, na kila mfumo uliotajwa hufanya hivyo ukiwekwa sawasawa. Katika ngazi hii seva yenyewe inausoma ujumbe, na mwenye ufunguo wa seva akitaka anausoma pia. Ya pili ni usimbaji wa mwanzo hadi mwisho, ambapo seva hubeba kitu isichokielewa. Matrix inayo, na XMPP huipata kwa nyongeza ya OMEMO. Wanaotetea haki za binadamu, wanahabari na mawakili wana sababu ya kuitaka ngazi ya pili. Kwa ofisi ya kawaida ina gharama zisizosemwa kwenye matangazo: utafutaji wa maneno hudhoofika kwa kuwa seva haioni maneno, anayepoteza simu bila kuhifadhi ufunguo wake hupoteza historia yake, na mkaguzi akiomba mazungumzo ya zabuni fulani hakuna wa kumpa. Na hata hapo seva bado inajua nani alimwandikia nani na saa ngapi.

Jambo ambalo huwashangaza wengi baada ya kuweka seva yao ni arifa. Simu ya Android au iPhone hairuhusu kila programu ibaki macho ikisubiri ujumbe, kwa kuwa betri isingefika jioni. Badala yake simu ina njia moja iliyo wazi muda wote, kwenda Google au Apple, na seva ya ofisi ikitaka kumwamsha mtu lazima ipitishe ombi huko. Ufunguo wa kupitisha ombi hilo anao aliyechapisha programu dukani, kwa hiyo seva ya Mattermost, Zulip au Rocket.Chat iliyoko Morogoro hutuma arifa kwanza kwa mtambo wa watengenezaji, nao hupeleka kwa Google au Apple, nao hupeleka kwenye simu iliyo mezani chumba cha pili. Watengenezaji wanaweza kuweka ukomo au malipo kwenye mtambo huo, na baadhi wamefanya hivyo. Intaneti ya nje ikikatika, ujumbe unasomeka ndani ya jengo lakini simu hazilii. Kwa Android ipo njia ya kukwepa: programu kama Conversations ya XMPP hushikilia muunganisho wake yenyewe. Lakini simu nyingi za bei ya chini huua programu zinazobaki nyuma ili kuokoa betri, na mtumiaji asiyejua kuiondoa programu yake kwenye orodha ya zinazouawa ataona ujumbe wa asubuhi saa saba mchana. Jaribio la arifa, kwa simu halisi walizonazo wafanyakazi, lina thamani kubwa kuliko ukurasa mzima wa sifa za programu.

Ukubwa wa mashine huogopwa bila sababu, na diski hupuuzwa. Maandishi ni mepesi mno. Ofisi ya watu 60, kila mmoja akiandika ujumbe 100 wa herufi 200 kwa siku, hutoa takriban megabaiti 1.2 kwa siku. Kwa siku 250 za kazi ni megabaiti 300 hivi kwa mwaka. Watu hao hao wakituma picha tano kila mmoja, za megabaiti 2 kila picha, hutoa megabaiti 600 kwa siku na gigabaiti 150 kwa mwaka. Picha zinazidi maneno mara mia tano. RAM ya gigabaiti 2 ni kianzio cha Zulip. Gigabaiti 4 huipa nafasi ya kupumua Zulip au Mattermost ya ofisi hiyo. Lakini bila kanuni ya kupunguza ukubwa wa picha na kufuta viambatisho vya zamani, diski itajaa, na hifadhidata iliyokosa nafasi husimama ghafla. Suala la sauti nalo liangaliwe mapema: mafundi wa mitaani, madereva na mawakala wamezoea kurekodi sauti kuliko kuandika, na si kila mfumo una kitufe cha kurekodi. Mfumo usio nacho utawafukuza hao warudi WhatsApp ndani ya wiki.

Leseni isomwe kabla ya kuweka chochote. Neno «huria» halina maana moja kwa wote. Msimbo wote wa seva ya Zulip uko chini ya leseni ya Apache. Mattermost na Rocket.Chat zina toleo huria na toleo la kulipia, na mambo ambayo taasisi kubwa huyataka, hasa kuingia kwa akaunti moja ya ofisi na kumbukumbu za ukaguzi, mara nyingi yamo kwenye la kulipia. Mpaka kati ya matoleo hayo umewahi kusogezwa, na utasogezwa tena. Synapse nayo ilihamia leseni ya AGPL mwishoni mwa 2023.

Kazi kubwa huanza siku ya pili. Mei 2023 ilitangazwa kasoro katika ukurasa wa utawala wa Openfire, iliyosajiliwa kwa namba CVE-2023-32315, iliyomwezesha mtu asiye na nywila kuingia na kujifanya msimamizi. Marekebisho yalitoka katika matoleo ya 4.6.8 na 4.7.5. Miezi iliyofuata wavamizi walikuwa wakizitafuta seva ambazo hazijasasishwa, na waliziona, kwa sababu fundi aliyeziweka alishahama na hakuna aliyebaki anayejua kwamba zipo. Ukurasa wa utawala haupaswi kuonekana kutoka intaneti ya wazi, wa programu yoyote ile. Cheti cha usalama nacho kina tarehe ya kufa: vile vya bure vya Let's Encrypt vimekuwa vikidumu siku 90, na mashine isiyohuisha cheti yenyewe itaamka siku moja ikikataliwa na simu zote.

Nakala rudufu za mfumo wa namna hii zina vipande vitatu, na wengi huchukua kimoja. Kipo cha hifadhidata, kipo cha viambatisho vilivyopakiwa ambavyo kwa kawaida hukaa kwenye folda ya pembeni, na kipo cha mipangilio pamoja na funguo za siri za seva. Ufunguo wa kusainia wa seva ya Matrix ukipotea, seva nyingine haziwezi tena kuhakiki kwamba ni yenyewe. Nakala zikae jengo lingine: Machi 2021 moto uliteketeza kituo cha data cha OVH huko Strasbourg, Ufaransa, na waliokuwa na nakala zao ndani ya kituo hicho hicho walipoteza vyote viwili. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa kwenye mashine tupu na kufunguliwa haijathibitika kuwa nakala.

Majaribio yafanywe na idara moja yenye kazi ya kweli, kwa mwezi mzima, bila kuendelea na grupu la WhatsApp pembeni. Pakiwa na njia mbili watu hufuata waliyoizoea na jaribio halitaonyesha kitu. Ndani ya mwezi huo mambo matatu yafanywe kwa makusudi. Mtu mmoja aondolewe kana kwamba ameacha kazi, ionekane kama simu yake inafungiwa mara moja na kama kazi zake zinabaki. Mtandao wa nje uzimwe kwa saa moja. Na mazungumzo yote yasafirishwe nje ya mfumo, yafunguliwe kwenye mfumo mwingine au angalau yasomeke kama maandishi, kwa sababu siku ya kuhama itakuja na si lazima ije kwa hiari.

Kwa ofisi ya watu wachache isiyo na fundi wa kuisasisha seva angalau mara moja kwa mwezi, jibu ni kukodi, na kuhakikisha kabla ya kulipa kwamba mazungumzo yanaweza kutolewa yote. Mwenye fundi mmoja na watu hadi mia kadhaa achague Zulip kama kazi yake ni ya kuandikiana na watu hawako kazini saa zilezile, au Mattermost kama wameshazoea Slack na hawana subira ya kujifunza. Penye mtandao dhaifu na mashine ndogo, Prosody yenye programu moja ya simu iliyochaguliwa kwa wote inatosha. Rocket.Chat iwe ya wenye dawati la wateja. Matrix isubiri hadi taasisi ya pili ikubali kuweka seva yake.